Mzigo Ukae Wapi: Uzito na Ulinganifu wa Lori la Busia na Malaba

Lori linaweza kuwa na uzito halali wa jumla na bado likazuiwa kwenye mizani kwa sababu ya ekseli moja. Jambo hili huwakuta sana wafanyabiashara wa Busia na Malaba wanaopokea mahindi, maharage na sukari kutoka Uganda na kuyapakia upya kwenye malori upande wa Kenya. Magunia yamehesabiwa, jumla haijavuka kiwango, karatasi za forodha ziko sawa, kisha mizani inasema ekseli za kuvuta zimezidi kwa karibu tani nzima. Kosa haliko katika wingi wa mzigo bali katika mahali ulipokaa, na mahali hapo paliamuliwa na makuli ghalani saa kadhaa kabla, mara nyingi bila mtu kushika futi wala kalamu.

Anayetoka Busia kwa barabara ya Kisumu hukutana na mizani ya Busia. Anayetoka Malaba kupitia Bungoma hukutana na mizani ya Webuye. Mbele yao zipo Gilgil, Athi River na Mariakani. Kwa hiyo mzigo uliopakiwa vibaya mpakani haupati muda wa kujificha. Sheria inayotumika ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2013, na nchini Kenya msimamizi wake mkuu barabarani ni Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Sheria hiyo inaweka viwango vya aina mbili: cha gari zima na cha kila ekseli au kundi la ekseli. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili hairuhusiwi kupita tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne ni tani 10. Ekseli mbili zilizo pamoja, zenye tairi nane, ni tani 18. Ekseli tatu za trela zenye tairi kumi na mbili ni tani 24. Gari kubwa kuliko yote, la ekseli saba, halipiti tani 56. Kwa kujumlisha viwango hivyo, lori la ekseli mbili linafika tani 18, la ekseli tatu tani 26, na trela la kawaida la ekseli sita, lile linaloonekana zaidi kwenye foleni ya Malaba, tani 50. Trela lenye tairi pana za moja moja badala ya tairi za jozi lina viwango vya chini zaidi, na mwenye nalo asitumie hesabu za jirani yake.

Ekseli zinapimwa moja moja kwa sababu barabara haihisi jumla. Lami hubonyezwa na kila ekseli peke yake, na madhara hayapandi sambamba na uzito. Majaribio makubwa yaliyofanywa Ottawa, Illinois, nchini Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 10 huchakaza lami karibu mara moja na nusu ya ile iliyo kwenye kiwango. Iliyozidi kwa asilimia 20 huichakaza mara mbili. Mwenye lori naye analipa upande wake, kwa sababu tairi, springi, beringi na breki za ekseli iliyolemewa huisha mapema, huku ekseli nyingine za gari hilohilo zikiwa nyepesi.

Kazi ya kwanza ni kujua uzito mtupu wa gari, tena kwa kila kundi la ekseli. Kadi ya gari haitoshi. Bodi limebadilishwa, trela limeongezewa vyuma vya pembeni, tangi la pili la dizeli limefungwa, tairi za akiba ni mbili badala ya moja. Gari lipelekwe mizani likiwa tupu lakini katika hali ya safari: dereva na utingo ndani, turubai, kamba, minyororo na jeki mahali pake, na tangi limejaa. Lita moja ya dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi, kwa hiyo lita 500 ni zaidi ya kilo 400, na uzito huo unakaa kwenye kichwa kinachovuta, si kwenye trela. Karatasi ya mizani yenye uzito wa usukani, wa ekseli za kuvuta na wa ekseli za trela ihifadhiwe, na upimaji urudiwe kila gari linapofanyiwa kazi ya kuchomelea.

Kazi ya pili ni kujua uzito wa kweli wa mzigo, na hapa ndipo hesabu nyingi za mpakani huharibika. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kilo 50. Gunia la mahindi linaloitwa la kilo 90 linaweza kuwa chochote. Huenda lilijazwa hadi likashonewa kilemba juu, au nafaka haikukauka. Kiwango cha unyevu wa mahindi kinachokubaliwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki hakipiti asilimia 13.5. Mahindi yaliyo kwenye kiwango hicho yakiwa kilo 90, mahindi hayohayo yakiwa bado na unyevu wa asilimia 18 yangekuwa na uzito wa karibu kilo 95. Kwa magunia 300 tofauti hiyo ni tani moja na nusu, yote ikiwa maji. Mbao mbichi na mchanga ulionyeshewa ni vivyo hivyo. Magunia kumi yachukuliwe sehemu mbalimbali za rundo, wala si yale yaliyo karibu na mlango tu, yapimwe, na wastani wake ndio utumike. Kwa kontena, uzito uliothibitishwa hutakiwa kabla halijapakiwa melini tangu tarehe 1 Julai 2016, kwa hiyo namba hiyo ipo kwenye hati na inafaa kuulizwa. Lakini inataja jumla tu. Haisemi kama mashine nzito iliwekwa karibu na mlango au ndani kabisa.

Uzito ukishajulikana, swali linalobaki ni umbali. Kila mzigo una kitovu cha uzito, yaani nukta ambayo mzigo mzima ungeweza kushikiliwa hapo ukakaa sawa bila kuinama upande wowote. Trela hushikiliwa sehemu mbili: mbele kwa kingpini, yaani pini yake ya kuunganishia, iliyokaa kwenye sahani ya kichwa, na nyuma kwa kundi la ekseli zake. Mzigo ulio katikati kabisa ya sehemu hizo hugawanyika nusu kwa nusu. Ukisogezwa nyuma, ekseli za trela zinachukua zaidi; ukisogezwa mbele, kingpini inachukua zaidi. Kanuni yake ni fupi: uzito wa mzigo zidisha kwa umbali wa kitovu chake kutoka kwenye kingpini, kisha gawanya kwa umbali kati ya kingpini na ekseli ya katikati ya trela. Jibu ni tani zinazoangukia ekseli za trela. Zilizobaki zinaangukia kingpini.

Mfano mmoja wenye namba za kawaida utaonyesha jinsi sentimita chache zinavyoamua mambo. Kichwa cha ekseli tatu kina tani 9 kikiwa kitupu: 5.2 kwenye usukani na 3.8 kwenye ekseli za kuvuta. Trela ni tani 7: 5 kwenye ekseli zake na 2 kwenye kingpini. Umbali kutoka kingpini hadi ekseli ya katikati ya trela ni mita 8. Kwenye kichwa, ekseli ya usukani iko mita 3.9 mbele ya katikati ya ekseli za kuvuta, na sahani imefungwa sentimita 40 mbele ya katikati hiyo. Kwa kuwa sahani iko mbele kidogo, sehemu ndogo ya uzito wa kingpini, karibu moja ya kumi, huenda kwenye usukani. Iliyobaki yote hushuka kwenye ekseli za kuvuta.

Gari tupu ni tani 16, na kiwango ni 50, kwa hiyo wengi watasema lina nafasi ya tani 34. Halina. Ekseli za trela zina nafasi ya tani 19 na za kuvuta tani 12.4, na usukani hauwezi kujazwa hadi tani 8 kwa sababu sahani haiko mbele vya kutosha. Mzigo mkubwa kuliko wote unaoweza kubebwa na gari hili bila ekseli yoyote kuzidi ni karibu tani 32.8, na hata huo unataka kitovu chake kikae mahali pamoja tu. Anayepakia tani 34 kwa kutegemea jumla amekwisha kuzidisha kabla hajafunga turubai.

Tuseme basi mwenye gari anapakia tani 32 na kitovu kinakaa mita 4.6 nyuma ya kingpini. Ekseli za trela zinapata tani 23.4, za kuvuta 17.8, usukani 6.8. Jumla ni 48 na kila kitu ni halali. Mzigo huohuo ukikaa sentimita 30 mbele zaidi, ekseli za kuvuta zinafika tani 18.9, na kiwango kimevukwa. Ukikaa sentimita 30 nyuma zaidi, ekseli za trela zinafika 24.6, na kiwango kimevukwa pia. Jumla haikubadilika hata kilo moja. Kwa gari hili, kila sentimita 10 za kusogea kwa mzigo wote huhamisha kilo 400 kutoka kundi moja la ekseli hadi jingine. Kiasi kidogo cha ustahimilivu kinachoachwa na sheria kwenye ekseli kimewekwa kwa ajili ya tofauti za vipimo. Si nafasi ya kupakia, na anayeitumia kama nafasi hubaki bila kinga siku mzigo unaposogea njiani.

Kwa sababu hiyo chaki ni chombo cha thamani kuliko kinavyoonekana. Futi ishikwe kutoka usawa wa kingpini, mstari uchorwe pembeni mwa bodi mahali kitovu kinapotakiwa, na kiongozi wa wapakiaji aelezwe kwamba uzito wa mbele na wa nyuma ya mstari huo unatakiwa kushindana sawa. Kwa magunia ya aina moja kazi ni nyepesi: safu zianzwe na kumalizwa kwa umbali sawa kutoka kwenye mstari, kwa kimo kilekile. Kosa linalotokea mara kwa mara ni kuanza kupanga kutoka ukuta wa mbele kwa kimo kamili na kurudi nyuma hadi magunia yaishe. Saruji, chumvi au sukari ikipangwa hivyo hujaza nusu ya mbele tu, na ekseli za kuvuta hulemewa huku trela likiwa na mita nne za bodi tupu. Mzigo mzito wa kimo kifupi utandazwe bodi nzima.

Mzigo wa mchanganyiko unahitaji jedwali. Chukua sukari tani 18 iliyopangwa mbele, kitovu chake mita 2.2 nyuma ya kingpini, na maharage tani 14 nyuma yake, kitovu mita 7.8. Kumi na nane mara 2.2 ni 39.6, kumi na nne mara 7.8 ni 109.2; jumla yake ni 148.8. Gawanya kwa tani 32, kitovu cha mzigo mzima ni mita 4.65. Ekseli za trela zinapata 23.6, za kuvuta 17.6. Mzigo ni halali.

Sasa lori hili linatoka Busia, linapita mizani, na tani 3 za mwisho za maharage zinashushwa Bumala. Dereva anaamini gari limekuwa jepesi, na kweli jumla imeshuka hadi 45. Lakini maharage hayo yalikuwa mkiani, mita 9.8 kutoka kingpini, yaani nyuma ya ekseli za trela. Yalipokuwa hapo yalikuwa yakiinua sehemu ya mbele. Yakiondolewa, karibu kilo 700 zinarudi kwenye kingpini, na ekseli za kuvuta zinapanda kutoka 17.6 hadi 18.2. Gari lililopunguziwa tani tatu limezidi pale ambapo halikuwa limezidi. Madereva wengi hukataa jambo hili hadi waone karatasi ya pili ya mizani. Anayeshusha mzigo njiani apange safari yake kwa kuhesabu kila kituo peke yake, na baada ya kushusha mkiani awaambie wapakiaji warudishe magunia kadhaa nyuma kabla ya kuondoka.

Hesabu hii si ya malori peke yake. Mafundi wanaojijengea ndege ndogo nyumbani, katika nchi zinazoruhusu kazi hiyo, hufanya jambo lilelile kabla ya kuruka mara ya kwanza. Ndege huwekwa sawa juu ya mizani tatu, moja kwa kila gurudumu. Nukta moja huchaguliwa kuwa mwanzo wa vipimo. Rubani, mafuta na mizigo huzidishwa kila kimoja kwa umbali wake. Na jibu lazima liangukie ndani ya mipaka miwili iliyowekwa na msanifu. Kitovu kikipita mpaka wa nyuma, ndege huinua pua na usukani wa mkiani hukosa nguvu ya kuishusha. Hata makampuni makubwa yamelipa kwa kosa hilo. Tarehe 7 Agosti 1997 ndege ya mizigo ya Fine Air, aina ya DC-8, ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Miami. Mzigo ulikuwa umepakiwa kwa namna iliyosogeza kitovu nyuma kuliko marubani walivyoarifiwa. Lori husamehe zaidi kuliko ndege. Kipimo ni kimoja.

Kwa malori madogo ya ekseli mbili, yale yanayozunguka kati ya maghala ya Busia, Adungosi na Malaba, hatari kubwa iko nyuma ya ekseli ya nyuma. Bodi nyingi zimerefushwa na mafundi wa mitaani ili zibebe godoro, mitumba au matoke mengi zaidi, na sehemu yote iliyoongezwa inaning'inia nje ya tairi. Kilo 600 zikiwekwa mita 1.2 nyuma ya ekseli hiyo, kwenye lori ambalo ekseli zake mbili ziko umbali wa mita 3.4, huongeza kilo 812 kwenye ekseli ya nyuma na kuondoa kilo 212 kwenye usukani. Dereva huhisi usukani umekuwa mwepesi na hufurahia, lakini wepesi huo maana yake ni kwamba tairi za mbele hazikanyagi barabara vya kutosha. Mvua ikinyesha, kona ya kawaida haikatiki, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa gari linaposimama ghafla, zinateleza. Bodi lililorefushwa libebe vitu vyepesi tu mkiani, na vitu vizito vikae mbele ya ekseli ya nyuma.

Mkokoteni wa Busia unaonyesha jambo hili waziwazi kuliko gari lolote, kwa sababu una ekseli moja na mizani yake ni mikono ya mtu. Mpakiaji mzoefu hulaza gunia la kwanza juu ya ekseli, halafu moja mbele na moja nyuma, kisha hushika mipini na kuutikisa juu na chini kabla ya kuongeza. Anachotafuta ni uzito kidogo tu unaolalia mikononi. Ukilemea mbele, mgongo utachoka kabla ya lango la mpaka. Ukilemea nyuma, mipini itapaa na mtu ataning'inia nayo. Baiskeli za magurudumu matatu zinazotumiwa na wafanyabiashara wenye ulemavu kuvusha bidhaa zinataka uangalifu uleule, tena zaidi, kwa kuwa mwendeshaji ameketi palepale penye mzigo. Uzito ukipita nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hunyanyuka kwenye mwinuko mdogo tu na usukani unakosa kazi. Wanaomsaidia kusukuma wapakie kuanzia mgongoni mwa kiti kurudi nyuma, na waache kabla gurudumu la mbele halijawa jepesi kiasi cha kusukumwa kando kwa kidole.

Uzito wa kushoto na kulia husahauliwa kwa sababu mizani nyingi hazioneshi tofauti yake kwenye karatasi. Barabara huonesha. Lami imeinamishwa kidogo kuelekea kando ili maji yateremke, na malori yanayosubiri foleni hukaa bega la kushoto kwa saa nyingi, pengine usiku kucha. Kwa mwinamo wa asilimia 2.5, lori la tani 48 lenye kitovu kilicho mita 2.2 juu ya ardhi huhamishia upande wa kushoto zaidi ya tani moja na robo hata kama lilipakiwa sawa kabisa. Likiwa lilipakiwa kushoto zaidi, springi za upande huo hulala, magunia huanza kuegemea turubai, na kamba za kulia hulegea. Foleni ndefu ni wakati wa kuzunguka gari na kukaza upya mikanda. Urefu wa bodi kutoka ardhini upimwe pande zote mbili mahali tambarare mara baada ya kupakia. Tofauti ya sentimita chache inatosha kuonyesha kosa kabla halijakomaa.

Kimo ndicho kinachoua watu. Lori hupinduka kwenye kona pale nguvu ya kulisukuma nje inapozidi uwezo wa upana wake kulishikilia, na uwezo huo ni nusu ya upana kati ya tairi za pande mbili gawanya kwa kimo cha kitovu. Kwa lori lenye upana wa mita 2 kati ya tairi za pande mbili na kitovu kilicho mita 2 juu, jibu ni nusu ya nguvu ya uvutano wa dunia. Kulala kwa springi na kubonyea kwa tairi hupunguza zaidi. Gari dogo likiingia kona kwa kasi huteleza kabla ya kupinduka. Lori lililojaa juu hupinduka kabla ya kuteleza, kwa hiyo dereva hapati onyo. Nguvu ya kona nayo hupanda kwa mraba wa kasi: anayetoka kilomita 40 kwa saa hadi 60 ameizidisha mara mbili na robo. Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu, na marobota ya mitumba yasilazwe juu ya bodi lililokwisha kujaa nafaka. Njia ya kwenda Nairobi kutoka Malaba hupanda hadi Timboroa na kushuka tena kupitia Salgaa, mteremko ambao ajali za malori yaliyoshindwa na breki zimeupa jina baya kwa miaka mingi.

Mteremko na mwinuko hubadilisha pia ulinganifu wa mbele na nyuma, kwa muda na wakati mwingine kwa kudumu. Gari likifunga breki mteremkoni, uzito hukimbilia mbele. Mabomba, mabati na mbao ambazo hazikuzuiliwa kwa vigingi na minyororo husogea sentimita chache kila mara na hazirudi. Hivyo ndivyo lori lililopita Gilgil likija mpakani linavyoweza kukutwa na kosa Webuye bila mtu kuongeza kitu. Mzigo unaoteleza uzuiwe kwanza mbele, kwa ukuta au mbao zilizopigiliwa, halafu ufungwe kwa kushuka chini. Kamba peke yake hushika mzigo usiruke, haishiki usiteleze.

Malori ya mafuta yanayochukua shehena Eldoret au Kisumu kwenda Uganda yana sheria yao. Tangi lililojaa halichezi sana. Tangi nusu ndilo hatari, kwa kuwa mafuta hukimbia upande wa nje kwenye kona na mbele wakati wa breki. Vyumba vya tangi vijazwe kabisa au viachwe vitupu kadiri inavyowezekana, na mpango wa kushusha ufanywe ili chumba cha mbele kisibaki kitupu huku cha nyuma kimejaa. Kingpini ikiwa nyepesi, tairi za kuvuta huzunguka bure kwenye mwinuko wenye matope.

Ng'ombe na mbuzi ni mzigo unaotembea. Wagawanywe kwa vizuizi ndani ya bodi, la sivyo watajikusanya upande mmoja kwenye kona ya kwanza.

Gari likikutwa limezidi ekseli ilhali jumla ni halali, kinachofuata ni kupanga upya mzigo kwenye uwanja wa mizani: turubai lifunguliwe, makuli watafutwe, magunia yahamishwe, lori lirudi kupimwa. Hapo hesabu ya awali inaokoa muda. Anayejua kwamba ekseli za kuvuta zimezidi kilo 800 kwenye gari lenye mita 8 anaweza kusema mara moja kwamba tani 2 za magunia zilizo mita 1 nyuma ya kingpini zikipelekwa hadi mita 5 zitapunguza tani 1 kwenye kingpini, na karibu kilo 900 kwenye ekseli za kuvuta. Kisha atazame upande wa pili kabla gunia halijaguswa: tani hiyo 1 inakwenda kwenye ekseli za trela, na kama zimebakiwa na nafasi ndogo kuliko hiyo, dawa ni kushusha mzigo, si kuusogeza. Asiyejua hesabu huhamisha magunia kwa kubahatisha na kurudi mizani mara tatu.

Mwenye lori aanze na karatasi moja. Alipeleke gari lake tupu kwenye mizani, achukue uzito wa kila kundi la ekseli, apime kwa futi umbali wa kingpini, sahani na ekseli, aandike namba hizo ndani ya mlango wa dereva kwa rangi isiyofutika, na asikubali gunia la kwanza lipande kabla ya mstari wa chaki kuchorwa.